Irabu Fupi

Asubuhi baada ya mapumziko, Ilinca alisogeza mdomo karibu na kishikwambi, akatamka neno la Kiingereza la meli. Taa nyekundu ikawaka. Kondoo akaingia darasani, akasimama kando ya jiko la kuni.

"Umeivuta tena irabu," alisema mwalimu wake, Bwana Grigore. "Fupisha. Ukirefusha, unaita kondoo."

"Si ndiye huyo, keshaitika," Vasile alisema kutoka nyuma. Darasa likacheka.

Kufikia Krismasi, zizi la Agafia, bibi yake Ilinca, lilikuwa limejaa kondoo wa namna hiyo. Agafia ndiye aliyemlea tangu mama yake aende Uingereza kutunza wazee. Kijiji chao cha Moldova kilikuwa na bibi wengi na mama wachache. Agafia alikamua, akatengeneza jibini, hakulalamika.

"Kesho kosea vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Nataka mwenye sufu nyeusi."

Lakini Ilinca alitaka kupatia. Mama alimwambia kwenye simu, "Ukijua Kiingereza, nitakuita." Kwa hiyo alibaki kila jioni baada ya masomo, na Bwana Grigore akikata hewa kwa mkono, kama wanavyokata ugali kwa uzi kijijini kwao, kumwonyesha irabu iishie wapi.

Mwezi Machi taa ikawaka kijani. Meli ikatia nanga kwenye shamba la mahindi, nyuma ya shule. Ilinca akavaa koti, akakimbia. Baharia aliyeshusha ngazi akampima kwa macho.

"Watoto hatuchukui, binti. Tunataka wachuma stroberi."

"Mama yangu yuko huko."

"Hapa kila mtoto mama yake yuko huko."

Bwana Grigore alikuwa amemfuata na kofia aliyoisahau. Alimuuliza baharia kazi ni ya miezi mingapi. Akajibiwa. Akamvika Ilinca kofia, akamfunga kamba chini ya kidevu.

"Nitarudi Pasaka."

"Hata mama alisema Pasaka."

Mwalimu akapanda ngazi. Meli ikaondoka polepole, ikiacha mfereji shambani. Mwenye shamba akapanda viazi humo.

Jumapili Ilinca alipiga simu. "Mama, umemwona mwalimu?"

"Nilimwona dukani, mwanangu. Matamshi yake safi kabisa."

"Mimi pia nilipata kijani."

"Vumilia, mwanangu."

Jumatatu watoto walikaa kwenye madawati yao. Ilinca akawasha kishikwambi. Kikasoma maneno, wakayarudia. Kikawapongeza mmoja mmoja, kwa majina yao, kwa sauti ya mwanamke mzima ambaye hawakumjua. Walikaa wakimsikiliza mpaka saa ya kwenda nyumbani ikapita.