Vijiti Vilivyodhaniwa Vumbi

Kifuniko cha birika kilianza kutetema kabla hakujapambazuka, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na Jicho akajua mama yake ameshaamka kumchemshia chai. Hakumwomba. Lakini tangu aanze kazi ya filamu hii, miezi mitatu sasa, mama hakumwacha hata siku moja atoke na tumbo tupu.

"Leo ndiyo leo?" mama aliuliza huku akimimina.

"Leo ndiyo leo. Saa kumi na moja jioni inakwenda kiwandani kutolewa diski. Ikishakwenda, imekwenda."

"Basi kunywa taratibu. Jicho la mwenye njaa huona mambo mawilimawili."

Jina la Jicho alipewa kazini. Wenzake walitazama picha. Yeye aliona nukta. Alichukua filamu za zamani za maonyesho ya muziki, akazisafisha kwa kompyuta, akazitayarisha ziwe diski za picha ang'avu za kutazamwa nyumbani kwenye runinga kubwa. Hii ya sasa ilipigwa miaka hamsini na minane iliyopita, katika ukumbi uliojaa watu mpaka madirishani. Makopo yake yaliokotwa kabatini yakinuka siki kwa uzee wa filamu. Bendi ilikuwa ya watu saba, na katika hao saba aliyebaki hai ni mmoja tu, mpiga dramu.

Ndiyo maana asubuhi ile, kabla ya kwenda studio, alipitia kwa mzee huyo na diski ya majaribio. Hakutumwa na mtu. Aliona tu si vizuri watu wengine waione kwanza.

Mke wa mpiga dramu alimfungulia mlango, kitambaa cha jikoni kikiwa begani. Mzee alikuwa kitini. Mkono wake wa kulia ulilala juu ya paja kama mgeni asiyesema. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaiona hiyo?" Alinyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Wanangu wameniletea runinga kubwa kama mlango. Msomaji wa habari akitokea, najikuta namwambia karibu ndani."

Jicho akaweka diski. Picha ilitoka safi kama kioo kilichopanguswa. Vifungo vya shati la mwimbaji ungeweza kuvihesabu, na mke wa mzee akashika shavu. "Hee! Mpaka lile jino lake la pembeni! Mungu amrehemu."

Kisha kamera ikageukia dramu. Mzee akainama mbele.

"Rudisha kidogo."

Jicho akarudisha.

"Tena." Mzee akatazama. "Mwanangu, hapo mimi napiga na nini?"

Kwenye skrini kijana mwembamba alikuwa akirusha mikono. Ngoma zilivuma, matoazi yakayumba, lakini mikononi mwake hamkuwa na kitu. Mkono ulipotulia, kijiti kilionekana. Ulipokwenda kasi, kikapotea.

"Nashika hewa," mzee alisema. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Na huo uso, mbona kama wa mwanasesere? Siku ile nilitoka jasho mpaka viatu vikalowa."

"Mume wangu, mtoto wa watu amehangaika..."

"Simlaumu. Nauliza." Aliutazama mkono wake. "Wajukuu hawajawahi kuniona nikipiga. Huu hauwezi tena kuwaonyesha. Nilitaka wanione hapo."

Mke wa mzee alimsindikiza Jicho hadi mlangoni, akamfunga kifungo cha juu cha koti kwa sababu kulikuwa na upepo.

Studio alikuta bado hakujafunguliwa. Akafungua mwenyewe, akakaa bila kuvua koti.

Kosa alilijua kabla hajaliona. Aliiamuru mashine ifute kila kitu kidogo, cheupe, kinachotokea kwenye picha moja na kutoonekana kwenye picha inayofuata. Vumbi ndivyo lilivyo. Na ncha za vijiti vya dramu, zikienda kasi, ndivyo zilivyo vilevile. Kwa miezi mitatu alikagua kilichobaki. Hakuna siku aliyokagua kilichoondolewa.

Mashine huhifadhi taka zake. Akalifungua faili la taka, jambo ambalo hakuna fundi pale studio aliyewahi kuona sababu ya kulifanya. Kukatokea giza tupu, na juu ya giza punje, nywele na mikwaruzo, kama unga uliomwagika sakafuni. Katikati ya huo unga vilikuwa vijiti viwili, bila mikono, bila mtu, vikipiga. Matone ya jasho yaliruka pembeni yake. Hakukuwa na sauti, na bado aliusikia wimbo.

Mkuu wa studio alipoingia, alimkuta hivyo. Alikuwa mtu mpole, anayeogopa malalamiko ya wateja kuliko homa.

"Bosi, tumemfuta mpiga dramu."

Akamweleza. Bosi akasugua paji la uso.

"Tukirudisha vijiti, chenga nazo zinarudi, picha nzima nuktanukta."

"Zirudi."

"Jicho! Mtu kanunua runinga mpya, kakaa na wageni wake, kaweka diski, anaona picha inachemka chenga. Si atasema tumempa mkanda wa zamani?"

"Hizo chenga ndizo filamu yenyewe. Uso wa mtu umo humohumo. Sisi tumeosha nguo mpaka maua yametoka, halafu tunasifia weupe."

"Basi tuahirishe, tufanye polepole."

"Kiwanda kimesema zamu nyingine ni baada ya miezi minne. Mzee ana miaka themanini na moja."

Jicho akamgeuzia skrini, akaliendesha lile faili la taka. Walitazama pamoja. Baada ya muda kidole cha bosi kilianza kugonga ukingo wa meza, naye mwenyewe hana habari.

"Ndivyo alivyokuwa akipiga?"

"Ndivyo."

"Na ile mikwaruzo mikubwa?"

"Nitaiondoa kwa mkono, mmoja mmoja. Midogo ibaki. Kila kitu kingine kirudi, filamu nzima, isiwe hapa kioo pale chenga."

Bosi akatazama saa ya ukutani. Kisha akachomoa waya wa simu ya mezani, akavuta kiti. "Nitajie namba za picha zenye mikwaruzo, niandike. Usipozipanga utarudia rudia."

Walifanya kazi hivyo, yeye akitaja, bosi akiandika na kumkumbusha alipofikia. Mchana bosi alitoka, akarudi na mkate na ndizi, akamwekea upande wa kushoto ili mkono wa kazi usisimame. Mia mbili na kumi na saba ilikuwa mikwaruzo mikubwa. Saa kumi na dakika hamsini filamu ilikwenda kiwandani.

Bosi akachoma diski moja zaidi. "Mpelekee. Mwambie..." Akafikiri. "Usimwambie kitu. Mpelekee tu."

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa alipobisha tena. Mke wa mzee alishangaa, akampisha. Jicho akaweka diski mpya.

Picha haikuwa tena kioo. Ilikuwa na uhai mdogomdogo, kama hewa ya chumba jua linapoingia dirishani. Kijana mwembamba aliinua mikono, na mikononi vilikuwapo vijiti. Jasho lilimtiririka shingoni, likamvua sura ya mwanasesere. Mzee alitazama kinywa wazi. Mkono wa kushoto ulianza kupiga kiti. Wa kulia ulibaki pale ulipo, na mama, bila kuondoa macho kwenye skrini, akauchukua na kuuweka mapajani mwake.

Katika wimbo wa tatu, kijiti kimoja kilimponyoka, kikaruka juu ya matoazi. Kijana akachomoa kingine kiunoni, wala mdundo haukukatika.

Mama akasimama. "Nilisema! Sikusema? Miaka hamsini na minane mwanamume huyu ananikatalia!"

"Nakukatalia nini?"

"Kwamba uliangusha! Nilikuwa safu ya pili. Ukanitazama, kikakuponyoka."

"Ni jasho lile."

"Jasho! Mwanangu, rudisha. Rudisha tumwone na jasho lake."

Jicho akarudisha mara tatu. Kila mara kijana alitazama ukumbini, na kila mara kijiti kilimponyoka. Mzee alicheka mpaka akakohoa, mama akampangusa machozi kwa kitambaa cha jikoni, kisha akajipangusa na yeye.

Jicho alipoinuka kuaga, aliona lazima aulize. "Baba, chenga hazikusumbui macho?"

"Chenga zipi?"

Mama alikuwa tayari ameshika rimoti na anarudisha nyuma mwenyewe, akitafuta wimbo wa tatu.

"Wajukuu wanakuja Jumapili," mzee alisema. "Uje unisaidie na huyu mke wangu, maana hatutavuka hicho kijiti mpaka mwaka uishe. Uje tena, mwanangu. Hata kama huna diski."