Ndoo ya Tarehe Kumi na Moja Aprili

Niliyoyaota usiku wa kuamkia leo nayasimulia kama yalivyokuwa, sikuongeza chumvi. Niliota nimesimama ndani ya kompyuta ya baba mkwe wangu, nimevaa kanga na kandambili, na mkononi nina kipande cha chaki.

Kabla sijaendelea, lazima mjue mimi ni nani humo ndani. Naitwa Semeni, mzaliwa wa Muheza. Nafundisha ufundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Tukuyu, na nimeolewa kwa Wanyakyusa. Baba mkwe wangu ni mtu wa desturi za kale. Kwa desturi hizo, mkwe na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na jina lake mimi silitamki. Ndiyo maana hata hapa silitaji. Tumeishi ua mmoja miaka kumi na mitatu, na ninachokijua vizuri kwake ni kisogo. Akiwa na neno na mimi, humtuma mama mkwe. Wala hatujakosana. Tumezoea tu.

Baba ni mwalimu mstaafu. Kila siku saa tatu asubuhi huenda kwenye kipimamvua chake nyuma ya nyumba, akasoma, akaandika. Alianza mwaka wa tisini na sita. Madaftari aliyaingiza kwenye kompyuta, kisha mchwa wakayala. Kwa hiyo mvua ya miaka ishirini na sita imebaki mahali pamoja: kwenye mashine kuukuu yenye betri iliyokufa, inayofanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu.

Jana mama mkwe, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, alikuja na ujumbe. "Mama Ipyana, Baba anasema mashine yake inazeeka kumshinda yeye." Nikaamua kuiwekea mfumo mwepesi wa Linux. Nikatafuta flashi ya kunakilia mvua, ikagoma. Badala ya kungoja kesho niazime nyingine, nikatenga sehemu mpya kwenye diski ile ile, nikaagiza mafaili yahamie huko, nikaenda kulala. Najua nilichopaswa kufanya: kunakili kwanza nje ya mashine. Nawaambia wanafunzi kila muhula. Msinikumbushe.

Basi, nimesimama mle ndani na chaki. Ni mchana, jua linawaka, na sakafu ni ya chuma, laini kama sahani. Inazunguka polepole. Sipati kizunguzungu.

"Karibu," sakafu inasema. "Mimi ni Diski. Nina gigabaiti mia moja na sitini. Usimwahidi mtu yeyote zaidi ya hapo."

"Nimekuja kukugawa," nikasema.

"Wote hujia hilo. Chora mstari. Vyumba vikubwa mwisho vinne. Ukitaka cha tano, kijenge ndani ya cha nne."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyolelewa."

Nikachora mstari, na ukuta ukaota kutoka kwenye chaki, ukiwa umeshapigwa plasta. Upande mmoja nikapata chumba kipya, cheupe. Hakikuwa na mlango. Nikauliza nitaingiaje.

"Chumba hakipo mpaka ukitundike," Diski ikasema. "Kila kitu hapa hutundikwa kwenye mzizi."

Nikatazama juu. Mzizi mkubwa ulikuwa umeshuka kutoka darini, na juu yake vimetundikwa sufuria, baiskeli, mashine ya chapa ya chuo chetu na mume wangu Ambwene, ambaye alikuwa amelala. Nikakishika kile chumba kwa kitasa, nikakiinua, nikakitundika kati ya sufuria na Ambwene. Papo hapo mlango ukafunguka. Sikuona ajabu yoyote. Niliona tu kwamba kimekaa upande kidogo, nikakinyoosha.

Shida ilianzia chumba cha zamani. Ilibidi nikipunguze, na Diski ikakataa.

"Kinatumika. Chumba hakipunguzwi kikiwa na mtu ndani."

Nikachungulia, nikageuza uso mara moja. Baba mkwe yumo. Amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, amezungukwa na ndoo. Ndoo zimejaa maji mpaka kwenye kingo, na kila moja imeandikwa tarehe kwa mwandiko wake wa ubaoni. Zinaelekea mbali kuliko macho yanavyofika.

"Mtoe," Diski ikasema.

"Siwezi kumsemesha. Ni baba mkwe wangu. Mwite mama, aje amwambie."

"Mama yako hayumo kwenye diski hii."

Hapo ndipo alipotokea Shajara. Alikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lina miguu na miwani, na kalamu imechomekwa kwenye uti wa mgongo. Akanisalimu kwa heshima.

"Mimi kazi yangu ni moja. Kabla hujafanya jambo, naandika kwamba unakusudia kulifanya. Ukishamaliza, napiga muhuri. Lisilo na muhuri halikutokea. Unakusudia nini?"

"Nakusudia kumwomba Baba atoke kidogo, kwa heshima zote."

Akaandika, kisha akasoma kwa sauti kubwa, kwa sababu ndivyo wanavyofanya: "Mkwe anakusudia kumwomba Baba atoke kidogo, kwa heshima zote."

Kutoka chumbani Baba akajibu, akiuambia ukuta: "Andika: Baba anakusudia kutoka. Ila mvua haibaki peke yake."

"Andika: Mkwe ataihamisha yote."

"Andika: Baba atasaidia. Ni nzito."

Shajara akapiga muhuri mara tatu. Nilifurahi. Mama mkwe hufanya kazi hiyo hiyo, lakini yeye huongeza maoni yake.

Tukaanza kubeba. Mimi natoka na ndoo, yeye anaingia, na kila tukipishana tunageukia ukuta. Shajara anaandika: ndoo ya tarehe fulani inakusudia kuhama, imehama, muhuri. Kila ndoo ina harufu yake. Mvua za mwaka wa elinino zilinuka udongo uliokatika na migomba iliyolala. Kiangazi cha elfu mbili na tano kilikuwa ndoo tupu mfululizo, nyepesi, nikabeba sita kwa mkupuo. Nikiimwaga ndoo chumba kipya, maji hayatawanyiki. Yanasimama pale yalipo, yenye umbo la ndoo, na kungoja.

Tumefika mwaka wa elfu mbili na tisa. Baba ameshika ndoo ya tarehe kumi na moja Aprili. Yuko katikati ya mlango.

Umeme unakatika.

Jua linazimika kama balbu. Sakafu inaacha kuzunguka. Nasikia matone yamekwama hewani, hayashuki. Siwezi kuinua mguu. Hakuna anayepumua, na hakuna anayehitaji kupumua. Sijui tulikaa vile muda gani. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba hii si mvua yangu.

Umeme unarudi. Shajara anapangusa miwani, anafungua ukurasa wa mwisho, anasoma kwa utulivu wa karani aliyekwisha kunywa chai.

"Tarehe tisa Aprili: ilikusudiwa, ikahama, ina muhuri. Ipo. Tarehe kumi Aprili: ilikusudiwa, ikahama, ina muhuri. Ipo. Tarehe kumi na moja Aprili: ilikusudiwa, ikahama, ina muhuri. Ipo."

Nikakimbilia chumba kipya. Ndoo ilikuwepo kweli, pale kizingitini, imeandikwa tarehe. Ndani palikuwa pakavu. Hata unyevu hamna. Nikarudi chumba cha zamani: mahali pake palikuwa tupu, pamefagiliwa.

"Maji yako wapi?" nikamuuliza.

"Maji?" Shajara akapekua kurasa. "Mimi naandika ndoo. Jina lake, ukubwa wake, mahali pake. Ndoo zote zipo. Kuhusu maji hakuna aliyeniambia."

"Sasa ndoo bila maji ni ya nini?"

"Iko mahali sahihi," akasema, na niliona kweli haelewi kwa nini nalia.

Maana nililia. Siku moja katika miaka ishirini na sita si kitu, mtu angesema. Lakini yule mzee hajawahi kuruka siku hata moja, hata siku aliyozika ndugu yake, na mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nikasema, "Andika: Mkwe amempotezea Baba siku moja, na hana la kujitetea."

Shajara akasoma. Kisha Baba akakohoa kile kikohozi chake cha darasani.

"Andika," akauambia ukuta. "Tarehe kumi na moja Aprili. Milimita arobaini na moja nukta mbili."

Kalamu ikakwaruza. Chini ya ndoo maji yakachimbuka, yakafika nusu.

"Bado hayajajaa," Shajara akasema.

"Kuna safu ya maelezo," Baba akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Andika: Mvua kubwa tangu alfajiri. Mkwe wetu amefika leo kutoka Muheza. Gari lilikwama Kiwira, ametembea kwa miguu sehemu iliyobaki. Ameingia uani amelowa chapachapa, anacheka. Nimemwona kabla sijageuka. Nyumba hii imepata mtu."

Maji yakapanda mpaka ukingoni, yakasimama.

Sikujua kama aliniona siku ile. Miaka kumi na mitatu nilidhani nilipoingia alikuwa ameshageuka.

"Piga muhuri," nikasema. "Na kuanzia sasa andika yote. Ndoo na maji yaliyomo, mpaka tone la mwisho."

"Kila tone nitaliandika mara mbili," Shajara akaonya. "Mtakwenda polepole sana."

"Na twende polepole," Baba na mimi tukasema kwa pamoja, kila mmoja akiuambia ukuta wake.

Basi nikashika ndoo ile niipeleke pembeni, haikuinuka. Ilikuwa nzito kuliko mwaka mzima wa elinino. Baba akajaribu, naye ikamshinda. Maneno yana uzito wake, Diski ikatueleza, na kwa kuwa ndoo ilikuwa nusu ndani na nusu nje ya chumba, ikaomba tuharakishe kwa sababu inaikereketa. Ikabidi tuibebe wawili. Tukasimama tumepeana migongo, yeye akashika mpini kwa mkono wa kushoto, mimi kwa mkono wa kulia, tukatembea upande upande kama kaa.

Katikati ya njia nikajisahau. Nikasema, "Asante, Baba."

Nilisema moja kwa moja. Sikupitia kwa mtu wala kwa daftari. Nikaganda. Yeye naye akaganda. Sakafu nayo ikasimama.

Shajara akainua miwani. "Hilo sikuliandika," akasema. "Hamkutangaza kusudio."

Baba akafikiri. Niliusikia mgongo wake ukifikiri.

"Basi halikutokea," akasema. "Beba, mwanangu."

Tangu hapo tulibeba ndoo zote zilizobaki wawili wawili, hata zile nyepesi, na tukazungumza njia nzima. Shajara alikuwa nyuma yetu anahangaika na matone, hana nafasi ya kuandika maongezi. Baba alinieleza jinsi ya kusoma kipimamvua upepo ukivuma. Nilimweleza kwa nini watu wa Muheza tunakula machungwa na chumvi. Aliniuliza kama Ambwene hunisaidia kazi. Nikasema ukweli, tukamtazama pale alipotundikwa, tukacheka mpaka maji yakatikisika. Alinichekesha pia kuhusu mama mkwe, mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa hayakutokea.

Tulipoweka ndoo ya mwisho, ya juzi, Diski ikashusha pumzi. Shajara akapiga muhuri mmoja mkubwa, akafunga jalada, akalala palepale. Baba akajipangusa mikono. "Haya," akasema, na akatoka kwa kisogo chake kile kile ninachokijua.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Saa ya umeme ya jikoni ilikuwa inawaka na kuzima kwenye sifuri, ishara kwamba umeme ulikatika na kurudi wakati tumelala. Nilikimbia kwenye mashine bila kuvaa viatu. Ilikuwa imejiwasha yenyewe. Kwenye kioo yalikuwa yamepita maandishi meupe: shajara imesomwa upya, mfumo uko salama. Nikafungua sehemu mpya, nikahesabu miaka. Ishirini na sita. Nikakaa chini sakafuni, nikamshukuru Mungu, nikaanza kujichua kwa dawa, maana mwili ulikuwa unauma.

Baadaye kidogo mama mkwe akapiga hodi.

"Umeamkaje, Mama Ipyana?"

"Salama, Mama. Mwambie Baba mvua yake yote ipo."

"Nitamwambia. Amenituma kwako, una ile dawa ya kuchua? Bega la kushoto limemkamata, hata chai hawezi kunywa. Namuuliza umefanya nini, ananiambia amebeba kitu kizito. Namuuliza kitu gani, mtu umelala kitandani usiku kucha? Anacheka peke yake. Uzee huu!"

Nikampa chupa. Aliinua, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki nusu.

"Na wewe unaumwa?"

"Kidogo tu," nikasema. "Bega la kulia."