Machicha ya Supu

Nyumbani kwetu supu ina wenyewe. Bakuli la kwanza ni la Baba mkwe. La pili ni la mume wangu Chikeung, akirudi kutoka kiwanda cha viti. Kikombe cha mwisho hukinywa Mama mkwe, tena amesimama, asije akadhaniwa anajipendelea. Mimi mke wa mwana napewa machicha: samaki aliyechemka kwa saa tatu mpaka hana tena la kusema.

Ndivyo tunavyoamini hapa Daliang, kusini mwa China. Samaki akichemka sana, nguvu zake zote huhamia kwenye maji, na nyama hubaki kama kapi la muwa. Anayeila anachosha meno tu.

Baba mkwe alipasuliwa kidole tumbo kilichopasukia ndani, na wiki tatu zikapita kidonda kikikataa kufunga. Siku ya kwenda kukionyesha hospitalini, Dokta Pang, binti mdogo mwenye miwani, aliinua bandeji akaguna.

"Alhamisi ijayo kikiwa bado wazi hivi, itabidi tumrudishe chumba cha upasuaji."

Mara ya kwanza moyo wa Baba ulisita akiwa kwenye meza ya upasuaji, wakaubembeleza. Mara ya pili huenda usibembelezeke.

"Mnampa chakula gani?" daktari akauliza.

"Samaki kila siku, daktari," Mama akasema kwa fahari. "Yule tunayemwita samaki-hai, mwenye kichwa kama cha nyoka. Kuku sitaki, yai sitaki, kamba sitaki, vitu hivyo vinauamsha uvimbe. Samaki tu."

"Vizuri. Nyama yake anaila?"

"Nyama ya nini? Anakunywa supu!"

"Mama, kinachojenga mwili kimo kwenye nyama. Maji ni maji. Mpe nyama yenyewe."

Mama alitabasamu kwa adabu mpaka tulipofika nje ya geti. "Umemsikia? Hajazaa hata paka, anataka kunifundisha supu! Mimi nimechemsha supu tangu mama yake hajaota meno."

Tulipofika nyumbani Baba akamwita Chikeung, akaanza kumwelekeza hati ya nyumba ilikowekwa.

Kesho yake nilimfuata Mama sokoni kumbebea kikapu. Alisimama mbele ya beseni la samaki kama hakimu.

"Huyu amelala. Unaniuzia maiti?"

"Mama Keung, mguse basi uone!" muuzaji akasema, akainama kumshika. Samaki akaruka, akampiga kofi la mkia shavuni.

"Huyo huyo," Mama akasema. "Nimempenda. Mgonjwa wangu anahitaji mwenye hasira."

Kupika alipika yeye, mimi nikipara magamba tu. Alimkaanga kwa mafuta ya karanga na tangawizi mpaka akawa rangi ya dhahabu, akamwagia maji yanayotokota, na papo hapo maji yakageuka meupe. Kisha akamtia kwenye mfuko wa bafta ili miiba isitoroke, akauzamisha ndani ya chungu pamoja na tende nyekundu na vipande vya kiazi kikuu kikavu. Akapunguza moto, akaniangalia.

"Mfuniko usiuguse. Wewe wa darasa la sita unaweza kusoma saa, sivyo? Zitimie saa tatu kamili."

Baba alikunywa bakuli lake, akakataa wali, akalala. Mimi nikala machicha yangu kwa mchuzi wa soya. Jirani yetu, Mama Hou, akachungulia dirishani.

"Mama Keung, mkweo ana mimba nini? Mashavu yanang'aa hivyo!"

"Mimba gani! Uvivu huo unamnenepesha. Mzee anakonda, yeye anafura kama andazi."

Nilijitazama kwenye ubavu wa sufuria. Kweli nilikuwa nang'aa. Tena wiki ya nyuma nilijikata kidole gumba kwa kisu cha samaki, na siku ya nne sikuona hata pa kuweka plasta. Samaki ni yule yule, chungu ni kile kile. Yule aliyekuwa akipewa nguvu alizidi kunyauka, na mimi niliyekuwa nikitupiwa takataka nilikuwa napona hata nisipougua.

Kumwambia Mama nisingeweza. Ningekuwa nimesema kwamba miaka arobaini alikuwa akimnywesha mumewe maji na kutupa dawa.

Kila siku saa nne asubuhi Mama huenda bustanini kucheza ngoma ya vipepeo vya kujipepea na wenzake. Siku iliyofuata, mlango ulipojifunga tu, niliutoa mfuko chunguni. Nilimchambua samaki kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, vidole vikiungua. Nikamtwanga kwenye kinu cha tangawizi, nikamchekecha kwa bafta, nikairudisha nyama yote kwenye supu. Mifupa, ngozi na tende nikavipanga vizuri kwenye bakuli langu, vionekane ni machicha.

Mama aliporudi alifunua chungu, akainama kuitazama supu. Nikaanza kusugua jiko lililokwisha kusuguliwa.

"Ona!" akasema. "Supu ya leo imeitika. Nzito kama maziwa. Moto mdogo, Sukjan, huo ndio ujuzi wenyewe."

"Ndiyo, Mama."

Baba alikunywa bakuli akaomba lingine. Siku ya tatu aliomba na wali. Siku ya tano alimtukana mtangazaji wa televisheni, nasi tukafurahi sana. Mimi nilikuwa nakula wali na mboga za chumvi, nikinyonya mifupa ili nionekane nina shughuli.

"Mashavu yameenda wapi?" Mama Hou akauliza.

"Uvivu umemtoka," Mama akajibu.

Alhamisi ikafika. Dokta Pang aliinua bandeji, akaishusha, akaiinua tena. Kingo za kidonda zilikuwa zimeshikana, nyekundu, mbichi. "Hapa hatupasui tena," akasema. Baba alicheka huku akilishika tumbo, machozi yakimtoka, akasema ni kwa sababu ya kucheka.

"Kwa hiyo mlimpa nyama?" daktari akauliza.

"Supu tupu," Mama akasema. "Andika hapo, daktari. Supu tupu."

Na daktari, maskini, sijui aliandika nini.

Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama Hou alikuja kuomba maelekezo, shemeji yake alikuwa amevunjika mguu. Mama akamweleza kila kitu: mafuta, tangawizi, saa tatu, mfuniko usiguswe.

"Na nyama?"

"Tupa. Au mpe mke wa mwanao, asilalamike."

Wakacheka wote wawili. Mama Hou alipoondoka, Mama alibaki akisuuza chungu, amenipa mgongo.

"Juzi kulikuwa na mwiba," akasema.

Nikashika kitambaa cha kufutia meza.

"Mdogo tu. Mzee alikohoa, nikamwambia ni ganda la tende." Akamwaga maji, akakiinamisha chungu kikauke. "Kesho chekecha mara mbili."

Asubuhi yake alichukua kipepeo chake, akatoka kwenda bustanini saa tatu, saa nzima kabla ya wakati wake.