Shamba la Kisiwani Haliuzwi kwa Asiyeogelea

Lemein Kisemei alikuwa mtu wa ng'ombe tangu azaliwe, na mtu wa vumbi tangu ahamie Kitengela. Boma lake lilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa Isinya, na mwaka huo mvua ilikuwa imekataa katakata. Nyasi zilikwisha, vichaka vikafuata, mpaka ng'ombe wakaanza kutazama viatu vya wageni kwa namna isiyopendeza.

Lililomuuma zaidi ni kwamba mkewe, Soipan, alikuwa muuza maji. Alikuwa na boza lake la bluu, lori la tangi la maji, lililozunguka mitaa yote kutoka asubuhi, na hata ng'ombe wa nyumbani walikunywa kwa kulipiwa.

"Biashara ni biashara, Baba Namunyak," Soipan alimwambia kila alipolalamika. "Nikianza kupatia mume maji ya bure, kesho nitapatia shemeji, kesho kutwa kanisa lote."

Siku moja dereva wa boza akaamka na homa, Lemein akashika usukani badala yake. Alitumwa kwa Linda, fundi wa nguo aliyeishi kwenye nyumba za kupanga karibu na soko. Lemein akaingiza mpira kwenye tangi, akafungulia maji, akasimama mlangoni kungoja. Hapo ndipo alipoiona picha ukutani.

Ilikuwa picha ya shamba kwenye mteremko. Migomba ilisongamana kama watu wa harusi, mihogo ilikuwa imepita kimo cha mtu, na nyasi, Mungu wangu, nyasi zilimfika ng'ombe tumboni. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na maji tu, maji mpaka mwisho wa macho.

Tangi likajaa. Likafurika. Maji yakashuka uani, yakazunguka ndala za watoto na kuzibeba.

"Mzee, maji!" Linda akapiga kelele.

"Nayaona," akajibu Lemein, macho kwenye picha. "Hii ni wapi?"

Linda alikimbia kufunga boza mwenyewe, akarudi sketi imelowa. Akamweleza kwamba hapo ni kwao, kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Mama yake, Mama Rispah, alikuwa anauza lile shamba kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka na mteremko, na watoto wake wote walikuwa mijini.

"Lakini usijisumbue," Linda akasema. "Amefukuza kila mnunuzi. Mmoja alitaka kujenga hoteli, akamrushia maganda ya muhogo. Mwingine aliuliza kama kuna network kabla hajasalimia. Huyo hata hakushuka kwenye mtumbwi."

"Mimi nitasalimia," akasema Lemein.

Jioni alimweleza Soipan. Alizungumza juu ya nyasi kwa muda mrefu, kwa sauti ambayo Soipan hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba.

"Kisiwani," Soipan akasema. "Na mimi huko nitamuuzia nani maji? Samaki?"

"Wewe unaweza kubaki na boza lako hapa. Mimi nitakuwa naenda na kurudi. Ng'ombe wachache tu, na migomba."

"Wewe, Baba Namunyak, ukioga unafunga macho na kushika ukuta."

"Hiyo ni sabuni."

Soipan hakukubali wala hakukataa. Alisema anataka kwanza kumwona huyo mwenye kisiwa.

Bahati ni kwamba Mama Rispah naye alikuwa na nia hiyo hiyo. Aliposikia kuna mfugaji anayetaka shamba lake, alikuja Kitengela kwa binti yake, na siku ya pili akafika bomani, mwanamke mnene wa kitambaa chekundu, mwenye fimbo aliyoitumia zaidi kuonyeshea vitu kuliko kutembelea.

"Sopa, mama," Lemein akamsalimia, akiinama kidogo.

"Mimi hiyo sijui, lakini imenipendeza," akasema Mama Rispah. "Nionyeshe choo."

"Choo, mama?"

"Siuzii shamba mtu ambaye sijaona choo chake."

Aliona choo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliwakagua ng'ombe mmoja mmoja, akamwinulia mdomo fahali ambaye hata Lemein mwenyewe humwogopa. Alikunywa chai ya maziwa, akaomba nyingine. Lemein akaanza kuona migomba mbele ya macho yake.

Kisha mama akaweka kikombe chini.

"Sasa sikia, nyathina, mwanangu. Kule kila kitu ni mtumbwi. Soko ni mtumbwi, kanisa ni mtumbwi, hata kwenda kumtukana jirani ni mtumbwi. Sitaki nikuuzie shamba leo, kesho niitwe matanga. Unajua kuogelea?"

Kuna maswali ambayo ulimi huyajibu kabla ya kichwa kufika. "Sana!" akasema Lemein. "Mimi niliogelea kabla sijatembea."

Soipan akapaliwa na chai. Alikohoa, akasimama, akatoka nje, na kikohozi chake kikasikika kikizunguka nyumba yote kikigeuka kuwa kitu kingine.

"Vizuri sana," Mama Rispah akasema. "Linda anasema kuna hoteli hapa mjini yenye bwawa. Jumamosi utanionyesha."

Mgeni alipoondoka, Lemein alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake Jimale, mwenye duka la jumla la nafaka. Jimale alikuwa mtu wa Garissa, na kila mtu sokoni alijua, kwa kuwa mwenyewe hakuchoka kulisema, kwamba amekulia kando ya mto Tana.

"Kuogelea?" Jimale akasema. "Wallahi, umefika mahali penyewe. Lala hapo."

"Wapi?"

"Juu ya mchele."

Lemein akalala kifudifudi juu ya magunia ya mchele, mikono mbele, miguu nyuma. Jimale akasimama kando akiamrisha. "Vuta! Piga teke! Usilale tu kama mgonjwa, tikisa kiuno! Taya mbele!" Lemein alivuta na kupiga teke mpaka jasho likamtoka. Ruqia, mke wa Jimale, aliingia na mteja aliyetaka gunia la mchele. Mteja alimtazama mzee wa Kimaasai mwenye shuka akirusha miguu hewani, akasema basi, leo atachukua ngano.

Siku ya tatu ya mafunzo, Lemein akiwa juu ya gunia, swali likamjia.

"Jimale, wewe huko Tana ulikuwa unavuka mpaka ng'ambo?"

"Ng'ambo? Nani aingie? Mto umejaa mamba!"

Lemein akaacha kupiga teke. "Sasa kuogelea ulijifunzia wapi?"

"Nilikaa ukingoni, nikawa nawaangalia hao mamba."

Kumbe ndiyo sababu ya taya mbele. Lakini ilikuwa Ijumaa jioni, na hakuna mwalimu mwingine aliyepatikana.

Jumamosi ikafika, na hoteli ikajaa watu kuliko Lemein alivyotarajia, kwa kuwa Jimale alikuwa ametangaza sokoni. Mama Rispah alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, soda mkononi. Linda alikaa kando yake. Soipan alivaa nguo za kanisani. Alisema amekuja kumwona mume wake wa pili, huyu anayeogelea. Jimale alikuja na kamba, ikihitajika.

Lemein akavua shuka, akabaki na kaptura aliyoazimwa, akashuka ngazi za bwawa upande wa kina kifupi. Maji yalikuwa baridi kama shutuma. Yalipomfika kifuani alivuta pumzi, akarusha mikono jinsi alivyofundishwa, taya mbele, na akaanza kusonga. Alisonga! Jimale akapiga makofi. Mikono ilichapa maji, povu liliruka, na mtu asiyejua angesema huyu ni bingwa.

"Naona miguu," Mama Rispah akasema.

Lemein akasimama. "Miguu gani, mama?"

"Hiyo inayotembea."

Lemein alikuwa amesahau kwamba maji ya bwawa la hoteli si ya mto Tana. Yanaonyesha kila kitu mpaka kucha. Watu wakaanza kucheka, Soipan wa kwanza. Lemein alisimama pale, maji kifuani, akajifanya ananawa uso. Wakati huo huo kengele za ng'ombe zikasikika getini.

Ledama, binamu yake aliyemsaidia kuchunga, alikuwa akiwapitisha ng'ombe mjini kutafuta nyasi za kando ya barabara. Geti la hoteli lilikuwa wazi, gari la mikate lilikuwa likiingia, na ng'ombe wakanusa maji. Ng'ombe mwenye kiu haombi ruhusa. Kundi zima lilipita katikati ya meza likiwa na heshima zake zote, likajipanga ukingoni mwa bwawa, likainama na kunywa. Ile dawa ya maji ikawapanda puani, wakaanza kupiga chafya mmoja baada ya mwingine, na wageni wakakimbia na sahani zao.

"Ledama! Toa hao!" Lemein akapaza sauti.

"Nitatoaje?" Ledama akajibu. "Waambie wewe, wako karibu na wewe!"

Katika kusukumana, mtamba mmoja wa madoa, Sambu, aliyekuwa kipenzi cha Lemein, akateleza kwenye vigae. Akaingia bwawani kwa kishindo, upande wa kina kirefu.

Lemein hakuwaza. Alisahau Mama Rispah, alisahau miguu, alisahau kwamba hajui kitu. Alijitupa mbele mpaka sakafu ikamkimbia chini ya nyayo, akameza maji, akazama, akaibuka, na mkono wake ukashika kitu. Kilikuwa mkia.

Sasa, Lemein hakujua jambo moja ambalo watu wa kule ziwani wanalijua vizuri: ng'ombe huogelea bila kufundishwa. Sambu aliinua pua juu ya maji, akatazama huku na huku kama abiria aliyepitishwa kituo chake, kisha akaanza kuogelea kwa utulivu. Alizunguka bwawa lote huku Lemein akimfuata nyuma, ameng'ang'ania mkia, macho ameyafunga, akiomba kwa Kimaa na kwa Kiswahili. Alizunguka tena. Jimale alikimbia ukingoni akipiga kelele, "Taya mbele!" bila mtu kujua anamwambia nani kati ya hao wawili. Mwishowe Sambu akaona ngazi, akapanda taratibu, akajitikisa, na mwenye ng'ombe akaburutwa nje kwa tumbo mpaka kwenye kiti cha Mama Rispah.

Mama Rispah alikuwa amecheka mpaka soda ikamtokea puani. Linda alimpangusa kwa kitambaa. Alipotulia, alimwelekezea Lemein fimbo.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mama," Lemein akasema, bado yuko chini. Ukweli ulimtoka pamoja na maji. "Hapo kwa uongo nakubali. Niliona nyasi kwenye picha, nikashindwa kujizuia. Nisamehe."

"Mimi siuzii mwongo shamba."

Lemein akainamisha kichwa. Hata Soipan akaacha kucheka, akaja na shuka, akamfunika mabegani.

"Lakini huyu ng'ombe," Mama Rispah akaendelea, "huyu anaogelea, na hajanidanganya hata kidogo. Shamba nimeamua kumuuzia yeye. Wewe utamsaidia kutia sahihi."

Meneja wa hoteli alitoka akiwa na maneno mengi, yote ya haki. Bwawa lilibidi limwagwe na kusuguliwa. Soipan alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita dereva wake, na jioni hiyo boza la bluu likajaza bwawa upya bila malipo. Lemein alisimama akitazama maji yakiingia. Katika ndoa yao yote, hiyo ilikuwa zawadi kubwa zaidi, na aliona aibu kidogo kwamba iliingia hotelini.

"Nimekubali," Soipan akamwambia huko huko. "Ukiweza kujitupa namna hiyo, basi unalitaka kweli. Nenda na ng'ombe wako watano. Mimi na boza tunabaki."

Mambo ya wakili na bodi ya ardhi yalikwenda polepole, kama yanavyokwenda, lakini yakafika. Lemein alivuka ziwa akiwa amevaa jaketi mbili za kuokoa maisha, moja juu ya nyingine. Mvua ilinyesha siku aliyofika, na kesho yake, na siku zilizofuata, kiasi kwamba Soipan alimkataza kumpigia simu kutangaza mvua. Ng'ombe walinenepa mpaka wakawa wavivu. Huku Kitengela, Mama Rispah alihamia kwa Linda, akachoka kukaa bure katika wiki ya kwanza, akaanza kupanda boza kama abiria wa mbele. Wateja walijifunza upesi kutosukumana kwenye foleni.

Mwezi wa nane, Soipan na Mama Rispah wakaenda kumtembelea. Mama Rispah alikagua shamba, akasema migomba imekaribiana mno, akasimamia ing'olewe na kupandwa upya siku hiyo hiyo. Lemein alichimba mpaka mikono ikaota malengelenge, akiwa mtu mwenye furaha kabisa.

Walipomaliza, jirani alileta chakula: ugali, mboga, na samaki mzima wa kukaanga, kichwa na macho yake. Katika ukoo wa Lemein hakuna aliyewahi kula kitu chenye magamba. Lemein alimtazama samaki. Samaki alimtazama Lemein.

"Hapa ukikataa chakula cha jirani," Mama Rispah akamwonya kwa sauti ya chini, "utakaa peke yako mpaka ufe."

Lemein akamega kipande kidogo sana, akafunga macho kama anayeoga, akatia mdomoni. Akatafuna. Akafungua jicho moja. Akamega kipande kingine, kikubwa zaidi, halafu akavuta sahani yote upande wake.

"Mama Namunyak," akasema akiwa amejaza mdomo, "tafadhali, usiwaambie wazee nyumbani."

Lakini Soipan alikuwa ameshainua simu, na picha ilikuwa imeshapigwa.