Darasa Lisilo na Kelele

Kule Nyalenda, mwaka ule wa 1991, shule ya nasari ilipimwa kwa kelele. Watoto wakipaaza "a, be, che" mpaka wasikike kwenye kibanda cha maji, wazazi walitulia, wakijua masomo yanaendelea. Watu hawa hutaka kuisikia karo yao ikifanya kazi. Sasa fikiria wanapita kando ya kanisa la mabati lililotumika kama darasa na kumkuta Mwalimu Dorca na watoto wake wakifanya "sss" na "mmm" polepole, wakijifunza mlio wa kila herufi kabla ya jina lake.

"Mwalimu, hii ni masomo ama ni nyuki?" Mzee Oketch, mwenyekiti wa kamati ya shule, alimwuliza. "Wazazi wamechoka. Siku ya kufunga shule, mtoto mmoja atasoma neno nitaandika mimi mwenyewe. Akishindwa, tunatafuta mwalimu ingine."

Tangu hapo Dorca hakula akashiba. Milio watoto waliijua yote. Kuiunganisha ndiko kulikowashinda baadhi yao, na aliyeshindwa kuliko wote ni Jentrix. Mama yake, Maximilla, alikaanga mandazi nje, chini ya dirisha la darasa, na hakuwahi kukanyaga shule maishani. Kila asubuhi Dorca aliomba kimoyomoyo: mtoto yeyote, ila huyo.

Siku ikafika, wazazi wakajaa darasani. Mzee Oketch akapitisha macho kwenye mabenchi bila haraka, kama mtu anayechagua kuku sokoni, akamwita Jentrix.

Mzee akaandika ubaoni: samaki. Jentrix akafuata herufi kwa kidole. "Sss. Aaa. Mmm. Aaa. K. Iii." Kisha kidole kikakwama. Wazazi wakaanza kukohoa. Dorca aliuma midomo. Kumsaidia mtoto ni kujifukuza kazi.

"Samaki," sauti ikasema kutoka dirishani.

Vichwa vyote vikageuka. Maximilla alikuwa amesimama na kijiko chake cha kukaangia mkononi, ameshangaa kuliko wote.

"Nani amekuambia?" Mzee Oketch akauliza. "Hata ubao huoni."

"Hakuna mtu, Mzee. Mtoto ametaja vipande, mimi nimeshikanisha tu. Si ndiyo naskianga hapa kila siku?"

Wazazi wakacheka. Mzee hakucheka. "Basi mama anyamaze," akasema, akaandika neno jingine: kuni.

Maximilla akaziba mdomo kwa kiganja. Jentrix akasema, "K. Uuu. Nnn. Iii," kisha akamgeukia mama yake. Dorca aliiona midomo ya mtoto ikitikisika bila sauti, akaogopa kwelikweli kwamba sasa atalia.

"Kuni," Jentrix akasema, kwa sauti ile ile ndogo ya darasani.

Mzee Oketch aliutazama ubao, akamtazama mtoto, kisha akamrudishia Dorca chaki.

"Endelea na nyuki zako, Mwalimu," akasema.

Watu wakaanza kutoka, lakini Maximilla hakuondoka dirishani. Kiganja kilikuwa bado mdomoni, kimelowa machozi, na mandazi yake yalikuwa yanaungua nyuma yake.

"Mwalimu," akasema alipokumbuka kukiondoa, "hizo herufi zenyewe zinakaaje? Mimi nimezisikia tu. Sijawahi kuziona."

Dorca akaenda kumfungulia mlango.