Mjane wa Jakom

Jakom alipokufa, majirani wa Kianda walisema ameuawa na sukari, na safari hii majirani walikuwa wamesema kweli. Jakom alikuwa degu. Degu ni mnyama wa ukoo wa panya, mnene kama ngumi ya fundi, meno yake rangi ya chungwa, mkia wake ukiishia na kishungi cha nywele nyeusi. Mwili wake hauwezi sukari hata chembe. Okeyo, fundi wa sofa, aliwaeleza watu jambo hilo tangu siku ile alipowaleta nyumbani wawili, dume na jike, kutoka kwa mama mmoja wa Kichile aliyemshonea viti. Mama huyo alikuwa anarudi kwao na hakuweza kupanda nao ndege.

Lakini Jakom alikuwa na tabia ya kuketi wima, mikono kifuani, akimkazia mgeni macho kama mwenyekiti anayesubiri kikao kitulie. Ndiyo maana akaitwa Jakom, yaani mwenyekiti kwa Kijaluo. Na mgeni anayekunywa chai huku akitazamwa hivyo na mwenye nyumba huona aibu kula peke yake. Kila aliyeingia alimega mandazi akampenyezea kati ya nyaya za kibanda chake. Okeyo akikataza, walimwona mchoyo.

Akabaki jike, Nyar Chile, yaani binti wa Chile, kama wanawake wa kwao Okeyo wanavyoitwa kwa jina la walikotoka. Aliacha kuoga mchanga. Mwewe alipopita juu ya mabati, hakupiga mluzi wa hatari. Alijikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, nyasi zake zikakauka bila kuguswa. Okeyo alikuwa amewachunguza wanyama hawa kwa muda mrefu na hakuhitaji kuambiwa. Degu akiachwa peke yake huzimika kama jiko lililokosa makaa.

"Baba Daisy," mkewe Audrey akamwambia, "huyo hataki dawa. Anataka mwenzake."

Okeyo alikuwa amefikia wazo hilo hilo. Kosa lake ni kwamba alilipeleka neno hilo kwa mzee Opondo, ambaye hakuna matanga ya watu wa ziwani pale Kianda yaliyowahi kufanyika bila yeye kusimamia.

"Mjane?" Opondo akauliza. "Shida iko wapi sasa? Marehemu hakuwa na ndugu?"

Alikuwa naye. Ndugu wa tumbo moja kabisa, aliyechukuliwa na Wabwire, yule aliyekuwa mtunza bustani wa mama wa Kichile, anayeishi Gatina. Okeyo akatoa simu.

"Weka hiyo kitu mfukoni, omera, ndugu yangu," Opondo akasema. "Mambo ya mjane hayaongelewi kwa simu."

Basi wakaenda Gatina kama inavyotakiwa, Opondo kwa koti na fimbo, Okeyo akimkumbatia jogoo ambaye Opondo alisisitiza abebwe.

Wabwire alikuwa mzee wa kanisa. Aliwapokea vizuri, akaomba, akawamiminia chai. Kwenye kibanda cha waya karibu na dirisha alisimama degu dume, mikono kifuani.

"Huyo ni Danieli," Wabwire akasema. "Karibuni."

Opondo akasafisha koo. "Tumekuja kwa heshima. Ndugu yake huyu ametuacha. Tunaomba aje amrithi mjane."

Wabwire akaweka kikombe chini polepole. "Amrithi?"

"Kimila."

"Mzee, hii nyumba imeokoka."

"Na Danieli pia?"

"Danieli hasa. Tukiomba asubuhi anasimama hivyo unavyomwona. Ushawahi kuona mpagani akisimama hivyo?"

Okeyo akaona mambo yanaharibika. "Ndugu yangu, ni wanyama tu. Mmoja anakufa kwa upweke, hiyo tu."

"Kama ni wanyama tu," Wabwire akauliza, "mbona mmekuja na jogoo?"

Okeyo akamtazama Opondo, Opondo akaitazama fimbo yake. Jogoo mwenyewe alitazama ukutani.

"Akimtaka, amuoe," Wabwire akaendelea. "Mbele ya kanisa. Na bibi harusi aokoke kwanza."

"Mjane haolewi tena," Opondo akasema. "Ni wa nyumba ya marehemu. Hata watoto watakuwa wa marehemu."

"Watoto gani?" Okeyo akasema. "Madume wote walihasiwa."

Opondo akafikiri. "Basi atakuwa wa kulinda nyumba tu. Inakubalika."

"Kwetu haikubaliki," akasema Wabwire.

Wakati hao wawili wanavutana, Okeyo alisogea kwenye kibanda. Ubavu mmoja wa Danieli ulikuwa uchi, ngozi inaonekana. Degu aliyekosa wa kumchana manyoya huishia kujinyonyoa mwenyewe.

"Huyu ana nini ubavuni?"

"Amefunga," Wabwire akajibu haraka. "Anafunga na kuomba."

"Baba Wanzala, sema ukweli mbele ya wageni," ikatoka sauti ya mkewe Phanice jikoni. "Mnyama anajing'oa nywele. Wewe mwenyewe jana ulikuwa karibu kulia."

Okeyo hakuwa na mazoea ya kumwomba mtu kitu. Akavua kofia. "Wazee, mkiendelea hivi watakufa wote wawili, huyu na dini yake, yule na mila zake. Mimi nitabaki na vibanda vitupu."

Phanice akatoka jikoni akijifuta mikono, akakinyanyua kibanda. "Mimi naenda Kianda. Mwenye maneno ataniletea huko." Akashuka ngazi, akapanda boda boda, Danieli magotini.

Kwenye karakana ya Okeyo ubishi ukaanza upya. Opondo alitaka wawekwe pamoja kabla jua halijazama. Wabwire akataka uchumba, polepole, mtu mzima akikaa katikati. Okeyo alishangaa kujikuta upande wa kanisa, kwa sababu degu hulinda kwake na humuuma mgeni anayetupwa ghafla ndani. Akaviweka vibanda viwili bega kwa bega, akabadilisha mchanga wao wa kuogea, wa huyu kwa yule, ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake.

Wabwire alikuja kila jioni na kigoda chake, akaketi katikati ya vibanda akiwasomea Zaburi. Opondo naye alikuja, kuhakikisha mjane habatizwi. Nyar Chile alizidi kukonda, ila sasa alikuwa amehamia upande ule wa waya uliokaribiana na Danieli.

Jumamosi Okeyo akajaza karai mchanga ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuukanyaga, akawatia wote wawili.

Nyar Chile akasimama kwa miguu ya nyuma, akamsukuma Danieli kwa mikono, mkia wake ukichapa huku na huku.

"Amekataa," Opondo akasema kwa huzuni.

"Anaipinga dhambi," akasema Wabwire, akiwa ameridhika.

Danieli akageuka ubavu, akainua mguu na kumnyunyizia mkojo.

Wabwire akasimama. "Danieli," akasema, kwa sauti ya baba aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Keti, mzee," Okeyo akasema. "Hiyo ni salamu yao. Anamwambia yeye ni nani."

"Mbele za watu?"

"Keti tu."

Nyar Chile alijikung'uta. Akanusa mchanga uliolowa, kisha akajibingirisha juu yake, mara moja, mara nyingine, mavumbi yakatimka. Alipoinuka akatoa sauti nyororo ya kulialia ambayo Okeyo hakuwa ameisikia tangu Jakom afe, akaingiza kichwa chini ya kidevu cha Danieli. Danieli akaanza kumchana manyoya ya shingoni kwa meno.

"Imetimia," Opondo akanong'ona. "Amerithiwa."

"Huo ni ushirika," Wabwire akamrekebisha. "Danieli yuko hapa kama mgeni tu. Ieleweke hivyo."

"Mgeni anayelala wapi?"

"Baba Daisy, wewe mwenye nyumba sema," akasema Wabwire. "Yuko hapa kama nani?"

Okeyo hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amepiga magoti kando ya karai, shavu karibu na mchanga. Nyar Chile alikuwa ameokota unyasi mkavu kwa mikono miwili, anautazama.

"Shh," Okeyo akasema.

Wazee wakachuchumaa, mmoja huku, mwingine kule, wakabana pumzi. Unyasi ukaanza kuliwa.