Chaza wa Gati la Tatu

Kwa miaka kumi na minne, mpima sampuli hakuwa na mwenzake pale maabara. Kila mwezi aliwabandua chaza kwenye mawe ya bandarini, akaikausha nyama yao, akaisaga na kuiyeyusha kwa asidi, apime madini ya risasi. Chaza huchuja maji ya bahari kutwa kucha. Sumu iliyomo wanabaki nayo mwilini.

Kisha akaajiriwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, na shahada yake mkononi. Tangu siku hiyo mama mtu hakuwa na wimbo mwingine nyumbani ila "mkwe wangu, mkwe wangu". Mpima sampuli akawa anakula kwa kijicho. Na wifi mwenyewe alikuwa mpole, hakuna pa kumshikia.

Jumatatu moja wifi akamjia na karatasi. "Wifi, hebu tazama. Chaza wa gati la tatu, risasi imepanda mara tisa."

"Vyombo uliviosha kwa asidi?"

"Niliviosha."

"Vyote?"

Wifi akasita. "Nadhani."

Moyo wa mpima sampuli ukacheza ngoma. Hakungoja hata chai ya saa nne. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara. "Yule kachafua vyombo. Ripoti isitoke."

Ili amuumbue vizuri, maji yalipokupwa akaenda gatini mwenyewe, akachukua chaza wapya. Akaosha vyombo mara mbili. Akapima. Mara kumi na moja. Akarudia, ikawa vilevile.

Akakaa kwenye stuli. Angenyamaza, nani angejua? Lakini asubuhi ile alikuwa amewaona pale gatini akina mama watatu wakijaza ndoo zao chaza wa kupika.

Akarudi kwa mkuu. "Yuko sahihi. Mimi nilimsingizia."

Kuokota chaza gatini kukapigwa marufuku siku hiyohiyo. Baadaye ikabainika kuwa karakana ya jirani ilikuwa ikikwangua rangi zenye risasi za meli kuukuu na kuzisukumia majini.

Jumapili, mezani, mama akaanza wimbo wake. Wifi akamkatiza: "Mama, bila wifi kurudia vipimo, nisingeaminika. Asante, wifi yangu."

Alikuwa ameshasikia nani alimchongea; maabara nzima ilijua. Mpima sampuli akainamia sahani, uso unamwaka. Hata kwa ungwana kanizidi, akawaza, na wivu ukamchoma upya.